Je, Ufukara ni Udhuru? Suala la Gari Kuukuu la Garissa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Garissa, mwalimu aliyestaafu, ambaye katika ujana wake alisoma katika miji yetu ya pwani. Barua ni ndefu, nasi tumeisoma katika darsa letu baada ya sala ya Magharibi, tukazungumza juu yake siku tatu. Tumeona ni wajibu kuijibu hadharani, kwa kuwa suala lililomo si lake peke yake. Tumemwomba ruhusa, naye ametupa kwa sharti tusitaje jina lake.

Habari yenyewe ni hii. Miaka minne iliyopita alinunua mnadani gari kuukuu aina ya Land Rover, lile refu, lililotengenezwa katika miaka ya 1960. Gari lilikuwa limewekwa juu ya mawe, na majani yameota ndani yake. Tangu siku hiyo hutoa shilingi 2,000 katika pensheni yake kila mwezi, na kila Ijumaa baada ya sala yeye na mwanawe hukaa chini ya mwarubaini ulioko uani mwao wakalitengeneza kidogo kidogo. Mwaka jana injini ilikubali kuwaka. Mwezi wa Ramadhani walilipaka rangi mpya ya kijani ili lipendeze siku ya Idi. Na siku ya Idi yenyewe furaha ilimshinda, akalitoa kuliteremsha kuelekea mtoni, hali akijua kwamba breki bado hazijatengenezwa, kwani asema fedha za breki hazijapatikana. Njiani alimwona msichana amebeba dumu la maji. Akakanyaga breki, kanyagio likazama hata chini. Akapinda usukani, gari likagonga mkoma likasimama. Msichana alianguka kwa khofu, dumu lake likapasuka, lakini yeye hakuumia. Watu wakasema Alhamdulillahi, wakaenda zao.

Lakini mwenye gari hakulala usiku ule. Naye atuuliza mambo mawili: Je, kazi yote hii ni israfu, anayopaswa kuiacha? Na lau msichana yule angekufa, je, ufukara wake ungekuwa udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema: Gari la Garissa latuhusu nini? Twamjibu kwamba Muislamu ni nduguye Muislamu, na jambo limfikalo mmoja lawafaa wengine kwa mazingatio. Tena kila mmoja wetu anacho kitu kuukuu chake. Yuko mwenye nyumba ya mawe ya babu yake ambayo boriti zake zimeoza. Yuko mwenye jahazi lililopandishwa pwani likingoja mbao. Yuko mwenye motokaa ya marehemu baba yake aliyoifunika turubali, kila mwaka akisema mwaka huu. Wote hao fedha zao ni chache, na wote wajiuliza: Nianze wapi, na nini niache? Basi suala ni letu sote.

Kwanza yafaa msomaji alijue gari hili, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe. Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na feleji ikigawiwa kwa kipimo. Ndipo watengenezaji wakaufanya mwili wa gari kwa bati la alumini, na mifupa yake, yaani chesi, wakaiacha ya feleji. Gari la ndugu yetu ni la namna iliyotengenezwa tangu 1961 hata 1971, lenye inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Magari haya yalienea nchi zetu zote kwa sababu yanafunguka kwa spana za kawaida, na fundi mwenye akili aweza kulifungua moja chini ya mti akalifunga tena.

Lakini yana mambo mawili ambayo mwenye kuyatengeneza nyumbani hana budi ayajue. La kwanza, alumini haili kutu kama feleji. Kwa hiyo gari huweza kuonekana zima kwa juu, hali ya kuwa chini limekwisha. Chesi ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia yakakaa humo, na kutu huanza ndani ikatoka nje, hata siku inapoonekana kwa macho huwa imekwisha kula kitambo. Sisi watu wa pwani twaijua kutu, kwani hewa yetu ni ya chumvi na haibakishi msumari. Garissa hewa ni kavu na chuma hudumu zaidi; lakini jua lake hukausha mpira ukapasuka, na vumbi lake likipenya katika injini husaga kama msasa. Basi adui wa kule si adui wa kwetu: sisi tutazame chuma, na wao watazame mipira na chujio la hewa.

La pili ni breki. Magari ya zama zile breki zake hufanya kazi kwa mafuta yaliyomo katika mirija, na mrija huo ni njia moja kwa magurudumu yote manne. Mguu ukikanyaga, silinda kuu husukuma mafuta mpaka kwenye silinda ndogo zilizomo magurudumuni, nazo husukuma vibanio vikabana dramu. Ndani ya silinda hizo mna mipira midogo, mingine haizidi upana wa sarafu. Mpira mmoja ukipasuka katika gurudumu moja, mafuta yatatoka hapo, na magurudumu yote manne yatakosa breki kwa pamoja. Magari ya siku hizi yamepewa njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki. Haya ya zamani hayakupewa. Hilo ndilo lililomfika ndugu yetu siku ya Idi.

Sasa tulijibu suala la kwanza, nalo ni israfu.

Watu wengi hudhani israfu ni kutoa fedha nyingi, na kwamba mwenye kutoa kidogo amesalimika. Hivi sivyo. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan amewasifu waja wake kwamba watoapo hawapiti mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali hukaa katikati. Na katika Sura ya Al-Israa ameamrisha kwanza wapewe haki zao jamaa na maskini na msafiri, kisha ndipo akakataza ubadhirifu. Tazameni mpango wa maneno hayo. Haki za watu zimetangulia, na katazo limefuata. Maana yake kwa ufahamu wetu ni kwamba ubadhirifu hauwezi kujulikana mpaka haki zijulikane. Mtu aweza kutoa shilingi mia akawa mbadhirifu, ikiwa mdai wake amesimama mlangoni. Na mwingine aweza kutoa shilingi laki asiwe mbadhirifu, ikiwa kila mwenye haki kwake amekwisha kuchukua haki yake.

Basi twamuuliza ndugu yetu: Je, una deni la mtu? Je, watoto wako wamelishwa na kusomeshwa? Je, wazee wako na jamaa zako maskini umewatazama? Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) amesema kuwa yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale walio katika ulezi wake. Majibu ya maswali haya ameyaleta katika barua yake kabla hatujamuuliza. Hana deni. Watoto wamekwisha kusoma isipokuwa huyo mdogo anayemsaidia, na karo yake imelipwa. Na mkewe ameridhia. Asema hapendi gari lile hata kidogo, lakini apenda kumwona mumewe na mafuta mikononi kuliko kumwona barazani akisengenya watu.

Ikiwa ni hivyo, sisi hatuoni israfu katika kazi yake. Bali twaona ndani yake heri. Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake. Kukitengeneza kitu kilichoharibika ni namna ya kumshukuru Aliyekitoa, na ni hifadhi ya mali. Tena ni afadhali mara nyingi kuliko yule anayekwenda kukopa kwa riba apate gari jipya la kupita nalo mbele ya nyumba ya shemeji yake. Na wapo miongoni mwetu, hapa hapa pwani, wanaomcheka mtu wa gari kuukuu, na hao ndio wanaokopa ili harusi ya binti yao izidi ya jirani kwa siku moja na sinia kumi. Na waanze kwao.

Haya, na suala la pili je, la ufukara na udhuru? Hili ndilo zito.

Hapana shaka kwamba dini yetu imemtazama fukara kwa huruma. Asiyeweza njia, Hija si juu yake. Asiyekuwa na nisabu, Zaka si juu yake. Mwenye deni akiwa katika dhiki, Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Baqara apewe muhula mpaka apate wasaa. Lakini angalieni vizuri tofauti iliyopo. Hija na Zaka zimemwondokea fukara kwa kuwa ni mambo anayotakiwa ayafanye, naye hawezi. Deni halikumwondokea, limeahirishwa tu, kwani ni haki ya mtu mwingine. Wala hatukusikia kwa mwanachuoni yeyote kwamba muuza nafaka akiwa fukara amehalalishiwa kupunja kibaba. Basi ufukara humpunguzia mtu yale yaliyo juu yake kutenda, wala haumpi kitu kilicho cha mwenziwe. Na uhai wa msichana yule ulikuwa ni wake, haukuwa katika mali ya mwenye gari hata aufanyie hesabu ya bei rahisi na bei ghali.

Na lau angekufa? Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa amemwekea mwenye kuua kwa makosa, bila ya kukusudia, diya kwa jamaa za aliyekufa, na kafara juu yake mwenyewe. Na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Zingatieni hapa. Asiye na uwezo amebadilishiwa namna ya kafara, lakini hakuambiwa: Wewe nenda, huna kitu. Ama diya, watu wa Garissa waijua kuliko sisi, kwani huko ukoo mzima hukusanyika ukailipa. Basi jamaa zake wote, mwenye ngamia na asiye na mbuzi, wangetozwa kwa ajili ya mwendo mmoja wa kwenda mtoni. Ufukara wa mmoja ungewafanya mafukara wengi.

Wanazuoni wetu wametupa mizani ya mambo kama haya. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Al-Mustasfa, na baada yake Imam Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, katika Al-Muwafaqat, wamezigawa maslaha za watu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, yaani mambo ambayo yakikosekana huharibika dini, au nafsi, au akili, au kizazi, au mali. Ya pili ni haja, ambayo yakikosekana watu hupata taabu lakini hawaangamii. Na ya tatu ni mapambo, ambayo huyapendezesha maisha na kuyakamilisha. Na kanuni yao ni kwamba ya chini haitangulizwi mbele ya ya juu, na pambo likiivunja dharura, pambo huachwa.

Sasa ipimeni mizani hii katika gari. Daraja ya dharura ni breki, usukani, magurudumu na chesi, na taa kwa mwenye kutembea usiku. Kwani hivi vikikosekana hufa mtu. Daraja ya haja ni injini iwakayo vizuri, giaboksi, viti, na turubali la kuzuia jua. Kwani vikikosekana mtu hutaabika au hukaa nyumbani. Daraja ya mapambo ni rangi, nikeli, na vitambaa. Mwenye fedha nyingi huyafanya yote kwa pamoja na haonekani kosa lake. Lakini mwenye fedha chache hufanya moja moja, na kwa hiyo yeye ndiye anayeonyesha wazi lipi kwake ni la kwanza.

Na hapa, ndugu yetu, utuwie radhi kwa neno tutakalolisema, kwani ni neno lililotukalia nyoyoni siku zote tatu. Umeandika kwamba fedha za breki hazikupatikana. Na umeandika pia, kwa kupitia tu, kwamba mwezi wa Ramadhani mlilipaka gari rangi ya kijani. Mipira ya silinda za breki ni vitu vidogo, na gharama yake haifiki gharama ya kupaka rangi gari zima. Basi fedha zilikuwapo. Zilikwenda kwenye rangi. Siku ile ya Idi hukuwa fukara. Ulikuwa mtu aliyetanguliza macho ya watu mbele ya roho za watu. Udhuru wa ufukara haukufai hapa, si kwa sababu Mwenyezi Mungu hawasamehi mafukara, bali kwa sababu katika jambo hili haukuwa ufukara.

Hatulisemi hili kwa kukuumbua. Twalisema kwa kuwa ni ugonjwa wetu sote. Nani katika sisi asiyepaka chokaa ukuta wa mbele, hali kuna ngazi ya ndani iliyooza ambayo mama yake huipanda kila siku? Na ukimuuliza husema: Fedha hazijapatikana.

Na lau fedha zingekuwa kweli hazipo? Hapo jawabu ni fupi: gari lingekaa juu ya mawe. Fukara ana mali moja ambayo tajiri mara nyingi hana, nayo ni muda. Anayetengeneza kitu kwa fedha chache hulipa sehemu ya bei kwa subira, na sehemu kwa kazi ya mikono yake. Hiyo ndiyo njia ya halali ya urahisi. Ama mwenye kutaka apate kwa fedha chache na kwa upesi pia, ajue kwamba lazima yuko mtu mwingine anayemlipia, naye hakuulizwa.

Kwa ajili hiyo twataja baadhi ya mambo yanayodhaniwa kuwa ni rahisi, nayo si rahisi. Watu wengi huosha vipande vya breki kwa petroli au mafuta ya taa kwa kuwa yako karibu. Mafuta haya huifanya mipira ya breki kuvimba na kuharibika. Na ioshwe kwa mafuta yale yale ya breki, au kwa spiriti. Wengine huingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, na jeki ikiteleza hakuna wasaa wa kusoma Shahada. Na liwekewe magogo mazito yaliyo imara kabla mtu hajaingiza kichwa chake. Wengine huweka petroli katika chupa za soda uani penye watoto. Haya yote ni kutupa nafsi katika maangamizi, jambo tulilokatazwa.

Na iko oili chafu. Tumeambiwa kwamba wengi huimwaga chini au mtoni. Ndugu zetu, mto Tana upitao Garissa ndio huo huo unaoteremka Hola na Garsen, watu wakinywa na kulima na kunywesha wanyama wao, hata ukaingia baharini karibu na Kipini. Kinachomwagwa kule juu chatufika sisi. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara. Oili hiyo na ikusanywe katika debe apewe fundi mwenye kuitumia.

Na kiko kipuri cha bei ya ajabu. Mwenye gari la zamani huzunguka akitafuta, na huenda mpaka Nairobi katika barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan, akasaga meno kwa bei. Kisha humjia kijana kando akamnong'oneza kwamba anacho kile kile kwa nusu. Hatuwatuhumu wafanya biashara wa pale, kwani wengi wao watafuta riziki ya halali. Lakini kitu kisicho na risiti wala mwenyewe, kinachouzwa kwa kunong'onezana, kila mwenye akili anakijua. Ukikinunua umemwibia mtu mwingine, ingawa mkono wako haukufungua boneti yake.

Limebaki jambo ambalo ndugu yetu amelitaja mwishoni mwa barua, nasi twaona halifai kupitwa. Asema wako wazee wa Garissa wasiopenda kuliona gari hilo. Kwao Land Rover si kumbukumbu ya ujana. Ni gari la askari na la mtawala. Kabla mwezi wa uhuru haujaisha, Desemba 1963, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hata 1967, na sheria zile za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa Mei 2013, imeyaandika mengi yaliyotendwa huko, na miongoni mwayo mauaji ya Wagalla karibu na Wajir ya Februari 1984. Wazee hao wauliza: Kwa nini kitu hiki kifufuliwe kikapakwa rangi?

Sisi twasema chuma hakina dhambi. Dhambi ni za wenye mikono. Lakini wazee wana haki katika jambo moja kubwa. Mwenye kulipamba gari asiyapambe yale yaliyotendwa kwa magari hayo. Mwanawe anayeshika spana pamoja naye na aambiwe historia ya nchi yake kama ilivyokuwa, wala asiambiwe kwamba zama zile zilikuwa njema kwa sababu magari yake yalikuwa imara. Na ikiwa gari hilo litamchukua mzee mmoja kati ya hao kwenda hospitali, kwa breki zilizo sawa, basi huenda likasafika machoni mwake kuliko kwa rangi yoyote.

Na mwisho, vijana wamemshauri auze, kwani magari haya yamepata bei kwa wapenzi wa vitu vya zamani. Kuuza ni halali. Lakini imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta maji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza mbona hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Puti iliyojazwa juu ya kutu ikapakwa rangi, ndiyo nafaka iliyofunikwa. Na iwapo mwuzaji atabadili chesi na injini na milango, asimwambie mnunuzi kwamba gari ni lile lile la asili. Jahazi la Lamu huweza kubadilishwa mbao moja moja na jina lake likabaki, na hapana ubaya, kwa kuwa kila mtu bandarini ajua mbao zipi ni mpya. Ubaya ni kuficha. Nambari ya chesi na ya injini zisemwe kama zilivyo, na lililotengenezwa litajwe, na ambalo halikutengenezwa litajwe zaidi.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Kazi yako si israfu, iendeleze. Gari lirudishe juu ya mawe tangu leo, usilitoe hata uani, mpaka breki na usukani vikaguliwe na fundi asiyekuwa wewe, kwani mtu huyapenda ya mkono wake. Ulikatie bima kama sheria ya nchi inavyotaka, kwani sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya yule apitaye njia. Fedha zote za miezi ijayo ziende katika dharura kwanza. Kisha nenda nyumbani kwa msichana yule, uwaombe radhi wazee wake na yeye mwenyewe, na umlipe dumu lake. Watu waliosema Alhamdulillahi siku ile walisema kweli, lakini kushukuru kwao hakukufuta haki yake. Dumu ni kitu kidogo, nalo ni deni, nawe ulituandikia kwamba huna deni.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake Mombasa mwaka 1932 aliliita Al-Islah. Islah ni kukitengeneza kilichoharibika kirudi katika uzima wake. Mwenye kufanya islah hakitupi kitu cha asili kwa kuwa kimechakaa, wala hakipaki rangi kutu yake akasema kimepona. Hufungua, hukwangua, hutazama palipooza, akaanza hapo. Na hivyo ndivyo inavyotupasa katika magari yetu, na nyumba zetu, na nafsi zetu.

Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi. Tukiwa tumesibu, ni kwa taufiki yake; na tukiwa tumekosea, ni kwa upungufu wetu, nasi twamwomba atusamehe, na wenye elimu watusahihishe.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.